Jiko la Pasaka bila oveni: sigiri, chungu na ugomvi wa posho (ugali wa mahindi)

Kila mwaka Pasaka ikikaribia (nasema ile yetu Wayahudi, ya kutoka Misri) watu wananitumia kwa WhatsApp zile karatasi za maelekezo kutoka Marekani, namna ya kutayarisha jiko, kurasa kibao, na mimi nazisoma zote kwa heshima alafu nabaki nacheka peke yangu. Ati oveni uiwashe moto wa juu kabisa ikae saa nzima, ati mashine ya kuosha vyombo uizungushe tupu, ati sinki mbili zote uzifunike kwa foili. Sasa sisi wa huku Mbale, Uganda, jiko ni kibanda nyuma ya nyumba, sigiri mbili, mafiga matatu, jerikeni zimepangwa ukutani, na sinki yenyewe ni beseni. Hakuna hata mstari mmoja unaokwambia chungu cha mama mkwe ukifanye nini, wala sigiri, wala ng'ombe anayelishwa machicha ya bia. Na kuna wadada walioolewa juzi juzi, wengine bado wanajifunza, wananiuliza kila siku, kwa hivo leo naandika kama tunavyofanya kwetu. Mimi si rabi (mwalimu wa sheria zetu). Ukikwama muulize rabi wako, usije ukasema ni mimi nilikuruhusu.

Kwa asiyetujua: Abayudaya tuko hapa vilimani nje ya mji wa Mbale tangu 1919, pale Semei Kakungulu, yule jemadari Muganda aliyekorofishana na Waingereza, alipotahiriwa yeye na wanawe akasema kuanzia leo sisi ni Wayahudi. Mwaka 1920 akapita Myahudi mgeni mmoja, anakumbukwa kwa jina la Yosef tu, ndo akawafundisha kalenda ya sikukuu na mambo ya chakula. Kwa hivo jiko la kosheri (linalofuata sheria zetu za chakula) huku lilianza enzi za mafiga na vyungu, halikuja na wageni wa juzi. Mimi niliingia kwa ndoa, mtoto wa kambi, nimekulia Jinja kwa Kiswahili cha maaskari na chapati asubuhi na jioni, nikapita mbele ya marabi nikazama mikve (maji ya kujitakasa), na mwalimu wangu wa jikoni akawa mama mkwe ambaye hana simu ya intaneti lakini ukimuuliza sheria ya sufuria anakujibu kabla hujamaliza swali.

Jambo la kwanza basi, punguzeni presha. Zile karatasi zinatisha kwa sababu chakula cha wenzetu karibu chote kina ngano ndani yake, mpaka mchuzi. Chetu sisi tayari ni cha Pasaka. Matoke, viazi vitamu, viazi ulaya, mihogo, magimbi, mboga za dodo na nakati, mayai, samaki ngege, parachichi, nanasi, hakuna hata kimoja hapo chenye neno. Hametsi, yaani kile tunachokatazwa Pasaka, ni nafaka tano tu: ngano, shayiri, rai, oti na speliti, zikishaguswa na maji zikakaa zaidi ya dakika 18 bila kuokwa. Rai na speliti mimi sijawahi kuziona hata sokoni. Kwa nyumba ya kawaida ya Uganda inabaki unga wa chapati, mkate, mandazi, biskuti za watoto, makaroni, bia ya chupa kwa sababu ni shayiri, na ule unga wa uji wa mchanganyiko unaouzwa umeshasagwa maana wengine wanatia ngano humo na hawakwambii. Ukishatoa hivo umemaliza upande wa chakula, kwa kweli.

Kinachobaki ni makombo, na makombo maana yake watoto. Begi la shule, mifuko ya yunifomu, chini ya godoro, ndani ya viatu, nimeshatoa kipande cha mandazi ndani ya kiatu cha mvua jamani. Mkebe wa Blue Band ambao kisu chenye makombo ya mkate kimekuwa kikiingia na kutoka, huo hauna tiba, utoe, nunua mwingine mpya kwa ajili ya sikukuu kama unautaka. Sukari na chumvi vivo hivo, anza na paketi mpya ambayo haijafunguliwa. Kuku wanaodonoa barazani wanakusaidia kuliko ufagio wowote, na kama sakafu yako ni ya udongo usisumbuke kuchokoa kila ufa na mwiba, isilibe upya wiki ile, makombo yaliyozikwa chini ya udongo hayamhusu mtu tena.

Lakini hapo kwa kuku ndo watu wengi wanapitwa. Sheria haisemi usile tu, inasema usiwe nayo na usifaidike nayo. Pumba za ngano za kuku ni hametsi. Machicha ya kiwanda cha bia ambayo watu wanawapa ng'ombe wa maziwa ni hametsi ya wazi kabisa, shayiri iliyoloweshwa makusudi mpaka ikaota. Huwezi kusema mimi sili, anakula ng'ombe. Ng'ombe ni wako na faida ni yako. Kwa hizo siku nane za Pasaka mnyama ale majani, matembele, maganda ya matoke, pumba za mahindi. Anza kumbadilishia mapema kidogo asije akapunguza maziwa ghafla. Hili hulipati kwenye karatasi za New York kwa sababu mwenye kuandika anafikiria paka.

Kile kisichotupika unakiuzia mtu asiye Myahudi. Wengi wanafanya kupitia rabi, anakusanya majina anauza kwa mkupuo, sisi hufanya wenyewe kwa jirani yetu Mwislamu, na ni mauzo ya kweli, si maigizo. Anatoa pesa ya kutanguliza, bei inatajwa, sanduku linafungwa na ufunguo anakaa nao yeye, na karatasi inaandikwa. Akitaka kufungua sanduku akapika, ni haki yake, ni mali yake. Mwaka 2023 Pasaka iliangukia katikati ya Ramadhani, basi unga wetu wote ukaishia kwenye sambusa za futari, na siku nane zilipoisha mama wa watu akaja kutulipa bei yote iliyobaki badala ya kutuuzia tena. Mume wangu akaona aibu kupokea, mama mkwe akamwambia pokea, la sivyo haikuwa biashara na Pasaka nzima tumekaa na hametsi ndani. Akapokea.

Sasa vyombo. Hapa ndo kazi ilipo na hapa ndo mtu asiende kwa kubahatisha.

Kanuni yenyewe ni fupi, chombo kinatoa kwa njia ile ile kilivyoingiza. Kama hametsi iliingia kwa maji ya moto, kama sufuria ya makaroni, itatoka kwa maji yanayochemka. Kama iliingia kwa moto mkavu, bila maji, itatoka kwa moto. Na kabla ya yote hayo chombo kisuguliwe mpaka kiwe safi kabisa alafu kikae saa 24 bila kutumiwa na kitu cha moto. Hizo saa 24 usizipunguze. Sufuria za alumini za huku zina mdomo uliokunjwa, na ndani ya ule mkunjo kuna historia ya mwaka mzima, chukua pini au mwiba uzungushe wote. Masizi ya nje mimi natoa kwa majivu na mchanga. Mama mkwe anasema masizi si hametsi na ni kweli, lakini chini ya masizi huwezi jua kuna nini.

Kuchemsha kwenyewe msifanye kila mtu kwake. Mkaa mwezi wa nne uko juu, mvua imeanza, unakuja umelowa na bei inapanda kila wiki, sasa mtu mmoja achemshe vyombo vyake vyote kwa sigiri moja atamaliza gunia. Sisi tunakusanyika kina mama wa mtaa, pipa moja kubwa lililooshwa, moto wa kuni, maji yakishachemka kwa fujo ndo vyombo vinaingia kimoja kimoja, kizame chote mpaka maji yamefunika, visikumbatiane, unatoa unasuuza kwa maji baridi papo hapo. Vijiko, visu visivyo na mpini uliogundishwa, miiko, sufuria ndogo. Ukiona maji yametulia, ngoja yachemke tena, maji ya moto tu hayatoshi.

Alafu ile sufuria kubwa ya harusi ambayo haiingii kwenye pipa lolote. Hii napenda. Unaijaza maji mpaka ukingoni, unaiweka jikoni ichemke, na pembeni kwenye makaa umeweka jiwe safi limeiva mpaka jekundu. Maji yakichemka unadumbukiza jiwe kwa koleo, maji yanafura yanamwagika kuzunguka mdomo wote na hapo hata ukingo umepata. Ni njia ya marabi wa zamani kabisa, na sisi wenye mafiga tunaiweza kuliko hao wenye jiko la umeme la kioo. Chagua jiwe kavu lakini, lililotoka mtoni linaweza kupasuka, na watoto wakae mbali.

Sigiri yenyewe watu wanaulizia sana. Ile sehemu sufuria inapokaa imemwagikiwa kila kitu mwaka mzima, ila sigiri inajichoma yenyewe. Futa vizuri, jaza makaa, acha iwake mpaka vyuma vyote vimepata moto kiasi kwamba ukigusisha jani kavu upande wa nje wa chuma linaungua, basi imetosha. Wavu wa kuchomea nyama unataka zaidi ya hapo, chuma kiwe chekundu kabisa. Kaango la chapati, lile bapa la chuma, mimi silihangaikii, linaingia kwenye sanduku. Watu wanabishana kama lihesabiwe la mafuta au la moto mkavu, sasa ubishane wote huo kwa ajili ya kaango ambalo siku nane hulihitaji? Na yale makaango meusi yasiyoshika, ukiyachoma yanaharibika, ukiyachemsha kuna anayesema haitoshi. Sanduku.

Chungu. Hapa hakuna mjadala, udongo ukishanyonya hautoi. Iko kwenye Torati, Mambo ya Walawi sura ya 6, chombo cha shaba kinasuguliwa na kusuuzwa, cha udongo kinavunjwa. Kwa Pasaka huna haja ya kukivunja, marabi waliruhusu ukifiche mpaka siku zipite, kwa hivo chungu cha mama mkwe kinapanda juu ya dari kimefungwa kwenye gunia na hakuna ruhusa ya kukigusa. Wenye uwezo wananunua chungu kipya cha Pasaka tu, kisichojua ngano ni nini, na hicho nacho kinafichwa mwaka mzima kinasubiri wiki yake. Nauonea wivu mpango huo. Samaki wa chunguni si sawa na samaki wa sufuria, asikudanganye mtu.

Mengine haraka. Mwiko wa mti unachemshwa kama hauna nyufa, ukiwa na nyufa chonga mwingine. Glasi, Wayahudi wa Kisefaradi (wenye asili ya Uhispania na nchi za Kiarabu) wanasuuza tu inatosha, wa Ashkenazi (wenye asili ya Ulaya) wanaziloweka siku tatu wanabadilisha maji kila saa 24, na wengine hawazikubali hata hivo. Vikombe vya plastiki marabi wanabishana, na vya watoto wangu vimechovywa mikate kwenye chai ya moto kila asubuhi ya Mungu, kwa hivo tunanunua vipya vya bei rahisi na vinakuwa vya Pasaka miaka yote. Kinu kama kinatwanga karanga na mihogo tu hakina shida. Flaski ya chai, mpya.

Na meza? Wenzetu wanamaliza roli za foili. Sisi tuna migomba. Kata majani mabichi, yapitishe juu ya moto kidogo yalainike, tandaza meza nzima na rafu, yakikauka unabadilisha. Bure kabisa na ni kitu kipya kuliko foili yoyote. Ila kuna mama mmoja aliniambia eti yeye sufuria ya matoke haipitishi kwenye pipa kwa sababu matoke yamefungwa ndani ya majani hayagusi chuma. Mvuke je? Mvuke unapanda kutoka kwenye chuma unaingia kwenye majani na unarudi. Sufuria ichemshwe, majani au si majani.

Ushauri wangu mwingine ambao najua si kila mtu ataupenda: kama huna uwezo wa seti mbili za Pasaka, ya nyama na ya maziwa (kwetu havichanganywi), acha maziwa wiki hiyo. Chai ya rangi siku nane haiui mtu, tia tangawizi. Nyumba nyingi zinavyo vyombo vichache na zinajaribu kugawa sufuria tatu kwa mbili, inakuwa kero tupu na watoto wanachanganya vijiko. Seti moja, ya nyama, na mboga zote humo humo. Maziwa ya ng'ombe uza.

Haya, ugomvi. Posho.

Kuna desturi inaitwa kitniyoti, ya Wayahudi wa Ulaya, kwamba juu ya zile nafaka tano uache pia mchele, maharage, kunde, mtama, wimbi, na baadaye mahindi yakaongezwa, na wengine hata karanga. Ilianza Ufaransa karne ya 13. Wasefaradi hawakuifuata, wao wanakula wali na maharage Pasaka yote bila wasiwasi. Sasa sisi wa Mbale ni nani? Babu yetu wa imani alikuwa Muganda, hajatoka Ufaransa wala Poland. Mwaka 2002 marabi wa Konsavativu (tawi moja la Uyahudi) walikuja kukamilisha uongofu wa wengi wetu, rabi wetu Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akapewa urabi 2008, na marabi hao hao wa Konsavativu kamati yao ya sheria mwishoni mwa 2015 ikaamua kwamba kitniyoti zinaliwa. Mimi kwangu hapo kesi imekwisha. Tena mahindi yametoka Amerika, huyo rabi wa Ufaransa wa karne ya 13 hakuwahi kuyaona kwa macho, sasa tunamwogopea nini?

Mama mkwe hataki kusikia. Yeye alifundishwa na walimu wa kwanza waliokuja kwamba mahindi hapana, na anasema kitu umekishika maisha yako yote hukiachi kwa sababu kamati imekaa. Na siwezi kusema hana hoja, kwa sababu ukiuliza desturi ilitokea wapi unaambiwa ni hofu ya kuchanganyika, shamba la ngano jirani na la kunde, gunia lile lile, kinu kile kile. Hebu nenda kwenye mashine ya kusaga pale mjini uone. Ngano inalimwa hapo juu Kapchorwa, shayiri pia, inashuka kwa lori na mahindi, magunia yanazungushwa, na mwenye mashine anasaga wimbi ya huyu, mahindi ya yule, soya, mchanganyiko wa uji, yote kwa mashine moja inayopigwa kofi tu kabla ya mteja mwingine. Hofu ya yule Mfaransa iko Mbale inatembea kwa miguu! Kwa hivo nyumbani kwangu tunakula posho ila kwa masharti: mahindi tunachagua wenyewe punje kwa punje kabla ya sikukuu, tunawahi mashine asubuhi ikiwa imesafishwa, kilo za kwanza zinazotoka tunawapa jirani na kuku wake, zetu zinafuata. Mchele unachambuliwa mara tatu kwenye ungo mchana kweupe, na usicheke, ngano inapatikana. Kwa mama mkwe tunakula matoke na tunanyamaza. Mtoto mchanga na mgonjwa hata anayefuata kitniyoti anaruhusiwa, kwa hivo uji wa wimbi wa mtoto usiukatize kwa ajili ya ibada yako wewe.

Mihogo haina mjadala na ndo mkombozi wa watoto. Ile kabalagala ya zamani, ndizi mbivu ndogo zikapondwa na unga wa muhogo zikakaangwa, ni ya Pasaka bila maswali mradi unga wa muhogo umeutwanga mwenyewe kinuni. Ya kununua barabarani usiguse, siku hizi wanaongezea ngano.

Matsa, mkate bapa usiochachuka wa Pasaka, inakuja kwa maboksi kutoka nje kupitia jumuiya na kila nyumba inapata chake. Ikichelewa tunaoka, lakini si kwa unga wa duka, maana viwanda vingi hulowesha ngano kabla ya kusaga na hapo imeshaanza. Ngano inunuliwe nzima, isagwe kavu, maji yawe yamelala usiku mzima ndani ya nyumba, na tangu maji yaguse unga mpaka matsa iingie motoni mikono isisimame na dakika 18 zisifike. Watu wa kukanda wawe na nguvu, mtu wa saa awe mkali.

Usiku wa kuamkia siku ya maandalizi (siku inayotangulia Pasaka) ndo kutafuta hametsi iliyobaki. Vipande kumi vya mkate vinafichwa, mshumaa, unyoya wa kuku, kijiko cha mti, na taa za umeme zizimwe (mara nyingi umeme wenyewe unatusaidia kwa hilo). Watoto wakishinda kwa kelele waacheni. Kesho yake zile karatasi zina mahesabu marefu ya masaa kwa sababu kwao mchana unarefuka na kufupika, sisi tuko karibu na ikweta, mchana ni saa 12 karibu mwaka mzima, na saa ya Kiswahili inahesabiwa tangu asubuhi kama ya marabi. Kula hametsi mwisho saa nne, kuchoma iliyobaki mwisho saa tano, ongeza kama dakika arobaini kwa sababu jua la Mbale linatoka saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi. Kwisha hesabu. Mwaka 2025 lakini ilileta kizunguzungu, siku ya maandalizi ikawa Sabato, ikabidi tuchome Ijumaa na kubakiza mkate wa kula Sabato nje ya nyumba.

Wazee wakati wa kuchoma huwa wanaongea habari za Amin. Alipiga marufuku dini yetu, masinagogi yakafungwa, walioshika waliomba kwa kujificha na wengi wakaenda kanisani na msikitini, tulibaki wachache sana. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na ukitazama kalenda, jioni ya siku ile ile ndo Pasaka iliingia. Mama mkwe anasema redio iliwashwa, sufuria zikaachwa, na hakuna aliyejua kama ni halali kucheza ngoma. Walicheza.

Sahani ya sederi (chakula cha ibada cha usiku wa Pasaka) kwa kifupi: mfupa wa mguu wa mbuzi uliochomwa, yai, majani machungu (saladi tunapata sokoni, na kama una ndugu pwani mwambie akuletee mbegu za mchunga, ule uchungu wake utakumbuka Misri yote), na harosetsi, ule mchanganyiko mtamu wa matunda. Matofaa yana bei ya hospitali, sisi tunaponda ndizi, asali, kidogo tofaa moja la heshima, na karanga kwa wanaokula karanga. Divai tunachemsha zabibu kavu na maji, tunakamua, vikombe vinne vinatosha kila mtu. Muchomo usiku ule hatuli, desturi ni kutokula nyama ya kuchoma kwa kuwa ya Pasaka ilikuwa ya Hekaluni. Nyama ya kuchemsha basi, na imetiwa chumvi saa nzima kutoa damu kama kawaida.

Siku ya nane jua likizama na nyota tatu zikionekana, vyombo vya Pasaka vioshwe na kuingia kwenye boksi lao kwanza, usianze kushusha kaango la chapati wakati vile bado viko nje, mtavichanganya gizani. Unga kwa jirani mnunue upya siku hiyo hiyo au kesho, msiingie kwenye sanduku kabla hajapokea pesa yake. Duka la Myahudi mwenzako ambaye hakuuza hametsi yake usinunue humo hata baada ya sikukuu, bado haifai. Lakini kijana wa roleksi (chapati ya kukunja na mayai) pale kona si Myahudi, unga wake hauna neno, mnaweza kwenda kwake moja kwa moja hata kama jiko lenu liko juu chini. Watoto wangu hawakumbuki hata sheria moja ya sufuria, ila hio wanaijua vizuri, na kikomando chao (chapati na maharage) wanakiagiza mapema.